Kuhamisha Kodi Siyo Kudesa

Muhula huu nimeitwa mdesaji mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina langu. Sijadesa mtihani wala asainimenti. Nilichofanya ni kuchukua programu mbili za hesabu za matriksi zilizoandikwa kwa lugha ya Fortran miaka mingi kabla sijazaliwa, nikazihamishia kwenye lugha ya C. Huo ndio mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Ukiwaambia watu hivyo pale kimbweta, wanasubiri kidogo, kama vile sentensi haijaisha. Halafu mmoja anauliza, "Kwa hiyo unakopi?" Na wa pili, ambaye karibu kila mara ni mtu wa sayansi ya kompyuta, anaongeza, "Si upige tu NumPy, dada, ukalale?"

Nimeamua kujibu kwa maandishi, mara moja, kwa sababu pale kimbweta sijawahi kumaliza jibu kabla mtu hajaleta habari za bumu.

Nianze na NumPy. Kama una laptopu na una matriksi inayokusumbua, tumia NumPy. Kabisa. Usiandike rutini yako mwenyewe ya kutatua matriksi kama mtu anayechimba kisima wakati bomba lipo jikoni. Lakini jua unachokitumia. Ndani ya NumPy kuna kipande kinachoitwa lapack_lite, na hicho ni Fortran iliyopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri inayoitwa f2c, iliyotengenezwa Bell Labs, ikatoka ikiwa C. Yaani huyo anayeniambia nipige NumPy huenda naye anapiga Fortran iliyovaa nguo za C, ila yeye hajui.

Mimi NumPy haikunifaa kwa sababu ya sanduku. Kikundi chetu cha watu watatu kinatengeneza sanduku dogo la plastiki la kufunga chini ya lile daraja la watembea kwa miguu linalovuka bonde kati ya hosteli na madarasa. Mnalijua, lile ambalo saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi linabeba kundi zima la mwaka wa kwanza kwa mpigo. Ndani ya sanduku kuna bodi ya Arduino Uno na sensa 6 za mtikisiko. Kila baada ya dakika chache bodi inakusanya vipimo na kutengeneza jedwali la 6 kwa 6 linaloonyesha sensa ipi inatikisika pamoja na ipi. Kutoka kwenye jedwali hilo tunatafuta aigeni, zile thamani ambazo mwaka wa pili tulizitafuta kwa mkono kwenye matriksi ya 2 kwa 2 tukadhani tumeelewa. Aigeni zinatuambia mtikisiko umejikusanya kwenye mielekeo mingapi, na kila mwelekeo una nguvu kiasi gani. Mpangilio huo ukibadilika wiki hadi wiki bila watu kuongezeka, mtu ashuke bondeni na spana akaangalie nati.

Arduino Uno ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 2,048. Picha moja unayotumiwa WhatsApp haiingii humo. Python ya kawaida na NumPy yake ndiyo kabisa usiitaje. C inaingia.

Msimamizi wetu, ambaye nitamwita Dokta tu kwa sababu hapendi kuandikwa magazetini, alinipa karatasi zilizochapwa zenye rutini mbili, TRED2 na TQL2. Ya kwanza inachukua matriksi linganifu, yaani ambayo namba ya sensa 2 na 5 ni sawa na ya 5 na 2, na kuipunguza mpaka ibaki na namba kwenye mshazari wa kati na mishazari miwili ya jirani tu. Ya pili inakamua aigeni kutoka kwenye mabaki hayo. Zote mbili pamoja hazifiki mistari 400, ukihesabu na maelezo. Dokta anastaafu mwaka huu. Aliponikabidhi alisema, "Binti yangu, sitaki programu inayofanya kazi. Nataka programu ambayo ukiulizwa mstari wowote unaujibia." Hapo ndipo f2c nayo ilipokufa. Ile inatafsiri vizuri, lakini inachotoa hakisomeki na mtu mwenye afya.

Karatasi zenyewe zina ukoo. TRED2 na TQL2 hazikuzaliwa kwenye Fortran. Zilichapishwa mwaka 1968 kwenye jarida la Numerische Mathematik, zikiwa kwa Algol. Mmoja wa waandishi wake ni James Wilkinson, Mwingereza aliyefanya kazi na Alan Turing katika maabara ya taifa ya fizikia pale Teddington, na ambaye mwaka 1970 alipewa tuzo yenye jina la huyo huyo Turing. Mwaka 1971 yeye na Christian Reinsch walikusanya rutini za aina hii kwenye kitabu kimoja. Kisha wataalamu wa maabara ya Argonne, karibu na Chicago, wakazihamishia kwenye Fortran, mkusanyiko ukaitwa EISPACK. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya MathWorks na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wakazipeleka kwenye Java katika mkusanyiko wa JAMA, na ndani ya faili hilo maelezo yanataja wazi kwamba chimbuko ni Algol ikapitia EISPACK. Hata MATLAB ilianzia huku huku. Cleve Moler aliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1970 ili wanafunzi wake huko New Mexico watumie rutini za EISPACK na LINPACK bila kulazimika kuandika Fortran. (Leseni za MATLAB zilizopo kwenye laptopu za hosteli yetu tusiziongelee hapa.)

Kwa hiyo Algol, Fortran, Java, na sasa C ya kwenye sanduku chini ya daraja. Foleni ya wanaoitwa wadesaji ni ndefu na ina watu wazito.

Wiki mbili za mwanzo sikuandika mstari hata mmoja wa C. Nilisoma. Fortran ya zamani inaandikwa kama fomu ya maombi ya mkopo: kila kitu kina kisanduku chake. Nafasi 5 za mwanzo za mstari ni za namba, ya 6 ni ya kuonyesha kwamba mstari unaendelea, na kodi (siyo ya pango wala ya mapato) inakaa kuanzia ya 7 hadi ya 72. Ukivuka 72, kompaila inakupuuza kimya kimya. Huo ni urithi wa kadi za kutoboa. Jina likianza na herufi kati ya I na N, basi ni namba nzima, labda useme vinginevyo. Na kuna sehemu inasema lupu inapanda kutoka 2 hadi N, halafu mstari unaofuata unasema I ni N + 2 − II. Nilikaa nayo muda, nikidhani kuna ujanja wa hisabati. Hakuna. Fortran ya 1966 haikuruhusu lupu kushuka, basi walipanda ngazi huku wakihesabu kinyumenyume. Kwenye C mstari huo unafutika wote, lupu inashuka yenyewe.

Ule mwingine hauwezi kufutika hivyo. Kila mtu akisikia Fortran inahesabu kuanzia 1 na C kuanzia 0 anasema, "Ah, unatoa moja tu." Sawa, jaribu. Kwenye TRED2 kuna namba inaitwa L, na L ni I − 1. Kwenye Fortran namba hiyo inafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Ni nafasi ya kipengele kilicho kabla ya I, na hapo hapo ni idadi ya vipengele vilivyo kabla ya I. Ukihesabu kuanzia 1, nafasi ya mwisho na idadi ni kitu kimoja. Ukihesabu kuanzia 0, vinaachana: vipengele vitano, lakini wa mwisho yuko nafasi ya 4. Kwa hiyo kila mahali L ilipotokea ilibidi niulize: hapa wewe ni nafasi au ni idadi? Mstari unaouliza kama L ni chini ya 2 unauliza idadi. Mstari unaochukua namba ya mwisho ya safumlalo unauliza nafasi. Niliweka alama kwa penseli, duara kwa nafasi na mraba kwa idadi, kwenye kila L ya karatasi za Dokta. Hakuna mashine iliyonisaidia hapo, ila kikombe cha chai na rafiki yangu wa chumbani aliyevumilia taa mpaka saa saba.

Halafu kuna suala la safumlalo na safuwima, ambalo kwangu ndilo la hila kuliko yote. Fortran inapanga matriksi kwenye kumbukumbu safuwima kwa safuwima. C inapanga safumlalo kwa safumlalo. Ukikabidhi jedwali la Fortran kwa C bila kusema kitu, linalala kifudifudi: safumlalo zimekuwa safuwima. Kwa matriksi za kawaida kuna hesabu nyingi ambazo majibu yake yangekuwa vichekesho. Lakini matriksi yetu ni linganifu! Igeuze utakavyo, ni ile ile. Aigeni zinatoka sahihi kabisa, mpaka tarakimu za mwisho. Unafurahi, unaenda kula.

Kinachotoka kimegeuka ni vekta zake, zile zinazosema mwelekeo. TQL2 inaziweka moja moja kwenye safuwima. Ukizisoma kwa safumlalo unapata namba zenye sura nzuri tu, ila siyo vekta za chochote. Na ule ukaguzi tuliofundishwa, kwamba vekta hizi zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe zitoe matriksi ya moja, unapita pia, kwa sababu matriksi ya namna hiyo ukiigeuza bado ni ya namna hiyo hiyo. Ukaguzi pekee unaoumbua ni wa maana yenyewe: zidisha matriksi ya mwanzo kwa vekta, uone kama unapata vekta ile ile mara aigeni yake. Nilifanya huo kuwa mtihani wa kwanza kabla ya kuandika rutini yenyewe. Kwenye sanduku letu kugeuka huko kungemaanisha tunamtuma fundi akaze nati za upande usio wake.

Sasa niwaeleze kuhusu mstari ulionifanya niipende hii kazi.

Kwenye TQL2 kuna sehemu inayotafuta kama namba fulani ya pembeni imeshakuwa ndogo kiasi cha kuhesabiwa sifuri. Kuna namba kubwa ya kulinganishia, inaitwa TST1. Rutini inachukua TST1, inaiongezea ile namba ndogo, matokeo inayaita TST2. Halafu inauliza: je, TST2 ni sawa na TST1?

Kwa hisabati ya kidato cha pili huo ni ujinga. Ukiongeza kitu kwenye namba na namba isibadilike, hicho kitu ni sifuri, kwa nini usiulize moja kwa moja kama ni sifuri? Lakini kompyuta haina namba zote. Desimali ya biti 64 inashika tarakimu 16 hivi za maana. Chukua 1, ongeza 10⁻²⁰, jibu ni 1 ile ile, kwa sababu mchango ulikuwa mdogo kuliko sehemu ya mwisho inayoweza kuandikwa. Kwa hiyo mstari ule hauulizi kama namba ni sifuri. Unaimuliza mashine yenyewe: kwa macho yako wewe, na kwa ukubwa wa namba tulizonazo leo, hiki bado ni kitu?

Nililielewa vizuri hilo kwa sababu nilikuwa na toleo la pili mezani. Kuna mtu aliyetutangulia miaka ya nyuma, simjui na wala simtaji, aliyewahi kuihamisha TQL2 kwenda C na faili lake linazunguka kwenye flashi za maabara. Ni kodi safi, ina majina marefu yanayosomeka, ukiitazama unaipenda kuliko ya Argonne. Mstari ule aliuona wa ajabu, akausafisha. Badala yake akaandika: kama namba ni chini ya 10⁻¹⁰, ihesabu sifuri. Kwa mifano ya kitabuni, yenye namba kama 4 na 7, toleo lake linatoa majibu sahihi kabisa.

Nikachukua matriksi moja ya 6 kwa 6, nikaizidisha yote kwa 10⁻¹². Hilo linatokea maishani bila mtu kukusudia, unabadilisha tu kipimo cha sensa. Hisabati iko wazi: aigeni nazo zizidishwe kwa 10⁻¹², basi, hakuna kingine. Toleo la EISPACK lilifanya hivyo. Toleo safi lilirudi haraka sana, haraka ya kutia shaka. Liliangalia namba zote za pembeni, likakuta zote ziko chini ya 10⁻¹⁰, likasema kazi imeisha, likanipa namba za mshazari kama zilivyo, bila kufanya hesabu hata moja. Halikutoa onyo. Namba zilikuwa na sura ya majibu.

Na kuna zaidi. Kwenye Arduino Uno, ukiandika double, ambalo kwenye laptopu ni biti 64, unapata biti 32. Imeandikwa kwenye maelezo ya bodi, na kama huyasomi hutajua, maana kompaila hailalamiki. Tarakimu zako 16 zimekuwa 7. Mtu aliyeweka kizingiti cha 10⁻¹⁰ kwa mkono alikuwa anafikiria mashine moja. Mstari wa TST1 na TST2 nimeuhamisha kutoka laptopu hadi bodi bila kubadili herufi, na kila mahali umejirekebisha wenyewe, kwa sababu swali lake linaelekezwa kwa mashine iliyopo. Wale watu waliandika hivyo kwa sababu wakati wao kila kiwanda cha kompyuta kilikuwa na desimali zake. Kiwango cha pamoja, IEEE 754, kilikuja mwaka 1985.

Adui mmoja unao mpaka leo. Kuna chaguo za kompaila za kuharakisha hesabu ambazo zinairuhusu ifanye algebra kama ya kidato cha pili, ione TST1 pande zote mbili, iifute, na kuuliza kama namba ni sifuri. Nimezizima, na nimeandika kwenye faili kwa herufi kubwa kwamba asiziwashe mtu.

Rutini nyingine ndogo iliyo kwenye karatasi zile ni PYTHAG. Inatafuta upande mrefu wa pembetatu mraba, kipeuo cha pili cha a² + b². Mstari mmoja tu, siyo? Wao wameandika lupu nzima, kwa njia ya Moler na Morrison ya mwaka 1983. Jaribu a ikiwa 3×10²⁰⁰ na b ikiwa 4×10²⁰⁰. Jibu ni 5×10²⁰⁰, hata mtoto anajua. Lakini ukianza na vipeo vya pili unapata namba zenye sifuri 400, na desimali za biti 64 zinaishia karibu na 1.8×10³⁰⁸. Kompyuta inasema jibu halina kikomo. Yule aliyetutangulia aliisafisha na hii pia. Kwa haki, kwenye sanduku letu namba hazitafika huko, hata kwa biti 32. Lakini rutini inaishi kuliko sanduku. Nimetumia hypot, ambayo iko kwenye C tangu kiwango cha 1999 na inafanya kazi ile ile. Dokta alikubali baada ya kunihoji kwa dakika ishirini.

Basi, siku ya kuwasilisha. Niliweka ukutani majibu ya Fortran upande mmoja na ya C upande mwingine, biti 64 zote mbili, kwenye laptopu ile ile. Mmoja wa wajumbe wa jopo, mtu mzima anayeheshimika, alisogeza kiti mpaka karibu na ukuta, akasoma, akageuka.

"Tarakimu ya 15 hapa ni 4. Hapa ni 7."

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa hiyo hazifanani."

"Hazifanani, Profesa."

"Umehamisha au umebadilisha?"

Darasa likacheka. Nakiri jasho lilinitoka, maana nilijua swali litakuja ila sikujua litakuja na kicheko. Nikaonyesha ukurasa uliofuata. Fortran ile ile, faili lile lile, imekompailiwa mara mbili, mara moja bila kuharakishwa na mara moja kwa kuharakishwa. Tarakimu za mwisho nazo hazikufanana. Kompyuta ikijumlisha namba sita kwa mpangilio tofauti, kila hatua inakata ncha mahali pengine. Kama kufanana mpaka tarakimu ya 16 ndicho kipimo, basi hata Fortran haijafanana na Fortran.

Profesa hakutabasamu. Akauliza swali ambalo mpaka leo naona ndilo lililokuwa zuri kuliko yote ya siku ile: "Sasa wewe utatofautishaje tofauti na kosa?"

Hilo ndilo jambo ambalo Wilkinson alitumia maisha yake kulijibu. Alisema, kwa maneno yangu mimi: usiulize jibu lako liko mbali kiasi gani na jibu kamili. Uliza jibu lako ni jibu kamili la swali gani. Kama namba nilizopata ni aigeni kamili za matriksi inayotofautiana na yangu kwenye tarakimu ya 15 tu, basi nimefanya kila ambacho mashine hii inaweza. Na kwa matriksi linganifu kuna dhamana ya ziada: ukiisogeza matriksi kidogo, aigeni hazisogei kuzidi ukubwa wa msogeo huo. Kwa hiyo nilizidisha matriksi kwa kila vekta, nikatoa aigeni mara vekta, nikapima kilichobaki. Kwa Fortran mabaki yalikuwa ya ukubwa wa 10⁻¹⁶ mara matriksi, zidisha na namba ndogo. Kwa C hivyo hivyo. Kwa lile toleo safi, kwenye matriksi iliyopunguzwa, mabaki yalikuwa karibu na ukubwa wa matriksi yenyewe. Hapo ndipo penye kosa.

Nikaongeza kwamba sensa zetu zinasomwa na bodi kwa hatua 1,024 tu, yaani kipimo chenyewe kina tarakimu 3 za kuaminika. Tukibishana kuhusu ya 15 tunabishania vumbi la juu ya vumbi. Hilo la vumbi pengine ningeliacha. Profesa aliandika kitu kirefu kwenye fomu yake, akarudisha kiti. Alama hazijatoka.

Wale wanaoniita mdesaji nawaomba wafanye kitu kimoja. Kudesa ni kuchukua jibu bila kujua limetokaje. Chukueni ukurasa mmoja wa TRED2, mwandike kwa lugha yoyote mnayoijua, halafu mniambie kwenye mstari upi mliweza kuendelea bila kujua.

Sanduku linafungwa darajani wiki ya pili ya likizo, wakati watu ni wachache, ili tupate mtikisiko wa daraja likiwa tupu kwanza. Kodi iko kwenye kompyuta ya maabara, folda la daraja, pamoja na majaribio yote, hata la 10⁻¹². Kuna rutini moja sijaigusa, HQR, ya matriksi zisizo linganifu. Hiyo haina ule usalama wa kugeuka bila kuonekana, na aigeni zake zinaweza kutoka na sehemu za kufikirika, kwa hiyo ni ngumu zaidi na inapendeza zaidi. Ina kikomo cha mizunguko pia, na ikishindwa inarudisha namba ya aigeni iliyoigomea. Msiifute hiyo. Anayetaka aanze nayo mwakani aje amwone Dokta kabla hajastaafu. Karatasi ziko kwenye droo ya pili, na mje na penseli, maana wino amekataza.